Mlango wa Uani wa Ghassan Amur

Shemeji yangu Ghassan Amur ukimkopesha kalamu anakurejeshea siku ile ile, na kifuniko chake. Ukimwomba yake, atakuuliza unataka kuandika nini, maneno mangapi, na kwa nini usiyaseme kwa mdomo. Nayasema haya na huku nampenda. Kamuoa mdogo wangu Asya miaka mingi sasa, hajampandishia sauti hata mara moja, na kila Idi kanga yangu huifunga mwenyewe kwenye karatasi ya maua. Ila mtu huyu haamini watu. Nyumba yake hapo Wete, nyuma ya soko, ina kufuli mpaka kwenye kabati la sukari, na sukari yenyewe hali, daktari kamkataza.

Kazi ndiyo iliyomharibu. Miaka thelathini alikuwa fundi wa mitambo ya simu, akiunganisha waya huu na ule, na kila akijaribu laini akisikia kipande cha mazungumzo ya watu. Siku moja nilimuuliza kwa nini hata mkewe hampi ufunguo wa chumba chake cha kazi. Alinitazama kwa huruma.

"Mwatima," akasema, "miye najua watu husema nini wakidhani hawasikiwi."

Alipostaafu, mwaka wa tisini na sita, binti yao Intisar aliyeolewa Maskati alimletea kompyuta iliyokwisha kutumika. Wastaafu wengine hufuga kuku. Ghassan aliiunganisha kompyuta ile na laini mbili za simu, akatia ndani yake programu ya matangazo, akaiita Baraza. Mtu yeyote mwenye kompyuta na simu, ofisini, shuleni au dukani, alipiga namba ya Ghassan, mashine zikalia mlio wa kuku anayekabwa, kisha maandishi yakatokea kwenye kioo. Unasoma matangazo, unaandika lako, unakata simu mwenzio apate nafasi, maana kwa wakati mmoja waliingia wawili tu. Intaneti tulikuwa tukiisikia kwa watu waliotoka Unguja. Sisi tulikuwa na Baraza, wanachama ishirini na tatu, na humo ndimo ulimojua nani kafariki Wingwi na maziko saa ngapi, meli gani haiji, ng'ombe wa nani kaonekana shamba la nani. Alikuwepo hata mvuvi mmoja wa Kojani asiye na kompyuta wala simu, ambaye alivuka kwa mashua na kupanda gari mpaka Wete ili amsomee Ghassan tangazo lake, kisha akasubiri hapo hapo aone kama limejibiwa.

Sasa kumbukeni miaka ile ilikuwa miaka gani. Vyama vingi vilikuwa vimetuingia mpaka jikoni. Watu wa chama hiki hawakai kibaraza cha chama kile. Walisusiana maduka, wakasusiana harusi, na Mungu atusamehe, wako waliosusiana maziko. Lakini kwenye Baraza la Ghassan walikutana wote, kwanza kwa sababu hapakuwa na pengine, na pili kwa sababu Ghassan alikuwa macho tangu alfajiri akifuta matusi. Umeme nao wa wakati ule ulikatika ukipenda, na kila ukirudi lazima mtu aiambie mashine ilifungue Baraza upya. Mtu huyo alikuwa yeye. Hakulala nje ya nyumba yake miaka mitatu.

Na hapo ndipo palipokuwa na ugomvi wangu naye, maana Asya alitaka kwenda hija.

Hakutaka kingine. Mdogo wangu si mtu wa kutaka vitu. Pesa zao zilikuwepo, afya alikuwa nayo, na nguo zake nyeupe alizishona mwenyewe akazipanga sandukuni. Lakini mwanamke haendi hija peke yake, na mume ndiye huyo. Mwaka wa kwanza Ghassan akasema, mashine nitamwachia nani? Wa pili akasema hivyo hivyo. Kila msafara ukiondoka, Asya huenda kuwaaga wenzake, huwaombea, hurudi nyumbani, hupika. Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yake, na nikikasirika nakasirika vizuri.

Mwaka 2000, Idi ndogo ilipokwisha, nilimwendea shemeji nikiwa nimejitayarisha. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Kompyuta ya shule yetu mwalimu mkuu alinikabidhi mimi kwa sababu yeye aliiogopa, kwa hiyo maneno mawili matatu nilikuwa nayajua.

"Shemeji," nikasema, "wape watu wawili unaowaamini waitazame mashine wakiwa huko huko makwao, kwa simu."

"Simwamini mtu."

"Basi wape kidogo tu. Wape amri chache, wasiweze kufanya jingine."

Siku nne hakuonekana ila msikitini. Siku ya tano aliniita, anang'ara kwa furaha, akaniweka mbele ya kioo.

"Nyumba ina nini, Mwatima?"

"Ina baraza, ina ukumbi, ina vyumba, ina uani."

"Basi na hii ndivyo. Barazani wanakaa wote, wanasoma na kuandika. Ukumbini nitawaingiza wawili. Humo hakuna orodha ya kuchagua, unaandika amri mwenyewe. Na amri ni tano. Andika unachotaka."

Tano zenyewe zilikuwa NANI, ya kuona nani yumo. FUTA, ya kuondoa tangazo lenye matusi. TOA, ya kumtoa mtu mkorofi. ANZA, ya kulifungua Baraza umeme ukirudi. Na ANDIKA, ya kuweka habari kwenye daftari la ukumbi. Nikajaribu nyingine. Ikanijibu: *Amri hii haipo ukumbini.* Nikajaribu kuingia chumbani kwake. *Amri hii haipo ukumbini.* Nilikuwa nimesikia kwamba mtu mjanja akifungua ukurasa wa kuandikia barua anaweza kutokea upande wa pili wa mashine, nikajaribu na hilo.

"Dirisha hilo nishalitia nondo," akasema Ghassan, akijisugua mikono. "Na kila amri inayotolewa inaandikwa, na saa yake. Nambie, wakitaka kuvunja, watavunja nini?"

Nilikiri sikuona cha kuvunja. Ilikuwa kazi safi, nami sipendi kumsifu mtu burebure.

Watu wawili akawachagua kwa mizani ya dhahabu, mmoja huku na mmoja kule, isije ikasemwa. Wa kwanza alikuwa Bakar Hamad, mkuu wa ofisi moja ya serikali hapo Wete, mtu wa chama tawala, mwenye mihuri minne mezani na wa tano mfukoni. Wa pili Mzee Mmanga Shaame, mnunuzi wa ng'ombe Wingwi, mtu wa upinzani tangu upinzani ulipopewa ruhusa na kabla yake. Ghassan aliwaita kwake siku moja waape. Bakar akakaa ncha ya kulia ya kibaraza, Mzee Mmanga ncha ya kushoto, na katikati yao birika ya kahawa.

"Ghassan," akasema Mzee Mmanga, "mwambie huyo mwenzio miye kazi hii naifanya kwa ajili ya umma."

"Mwambie," akasema Bakar, aliyekuwa hatua tatu kutoka kwake, "kwamba umma ndio ulionituma na miye."

Ghassan akamwambia huyu, akamwambia na yule. Wakaapa, kila mmoja kwa zamu, mwenzake akitazama barabarani.

Mapatano yakawa haya. Ghassan atakwenda Chake kwa dada yake siku tatu, Jumatatu mpaka Jumatano, bila ya kugusa chochote. Akirudi akalikuta Baraza limesimama, Alhamisi atapeleka pasi za kusafiria, yake na ya Asya, kwa kiongozi wa msafara, na Alhamisi ndiyo siku ya mwisho. Akilikuta limeanguka, basi tena, mwaka mwingine. Asya alisikia hayo akiwa mlangoni na sinia mkononi. Ghassan akaondoka na begi dogo na ufunguo wa chumba cha kazi mfukoni, maana wale watu wawili aliwaamini kwa amri tano, lakini mkewe chumba hakumwachia.

Jumatatu saa mbili asubuhi Bakar aliingia ukumbini kutoka ofisini kwake. Akaandika NANI. Akamwona Mzee Mmanga yumo. Akaandika TOA.

Mzee Mmanga akapiga simu tena, akaingia, akamwona Bakar, akamtoa. Bakar akarudi. Mpaka adhuhuri walikuwa wametoana mara arubaini na moja, na kwa kuwa laini zilikuwa mbili na wao wawili, mtu wa tatu hakuingia. Mimi nilipiga kutoka shuleni mpaka kidole kikaniuma. Habari za ofisi ya Bakar nilizipata kwa Afra, karani wake wa kupiga chapa, ambaye ndiye aliyekuwa akiigusa hiyo kompyuta. Bakar alisimama nyuma yake na mikono kiunoni akiamrisha: "Ntoe! Ntoe tena!"

Na hilo lilikuwa dogo. Mzee Mmanga ni mtu wa adabu, haanzi neno na kiumbe bila ya salamu. Kabla ya kila amri aliandika *Assalaam alaykum*. Na mashine kila mara ikamjibu: *Amri hii haipo ukumbini.* Alivumilia mpaka alasiri, kisha akampigia simu Asya.

"Mama Intisar, mashine ya mumeo hairudishi salamu."

"Ni mashine, Mzee Mmanga."

"Hata! Kasuku wangu hurudisha, na yeye si Muislamu wala si ntu. Tena mashine yanambia salamu haipo ukumbini. Ukumbi gani huo wa Kipemba usio na salamu? Basi miye nayo sisemi nayo mpaka ijirekebishe."

Jumanne saa nne umeme ukakatika, saa sita ukarudi. Mashine ikawaka yenyewe, simu ikawa inapokea, lakini Baraza limefungwa, linangoja neno moja tu, ANZA. Mzee Mmanga alikuwa amesusa. Bakar naye, Afra anatuambia, alikaa kitini akakunja mikono akasema hagusi kitu peke yake, likitokea la kutokea watasema chama chake ndicho kilichovunja. Aanze yule kwanza. Na yule hasemi na mashine isiyo na adabu. Basi neno la herufi nne likakosa mwenyewe katika kisiwa kizima.

Asya alinijia shuleni baada ya adhuhuri. Hakulia. Alikaa kwenye kiti cha wageni katika ofisi ya mwalimu mkuu, akatandaza mikono juu ya magoti, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, nimeanza kuzitoa nguo sandukuni. Zikikaa sana zinaingia harufu ya dawa ya nondo."

Nilihisi moto ukinipanda kutoka miguuni. Nilimkasirikia Ghassan, nikamkasirikia Bakar, nikamkasirikia Mmanga na kasuku wake. Nikamtuma mtu amwite Afra, naye akaja akitweta, kamwambia mkuu wake anakwenda posta. Nikaikalia kompyuta nikapiga namba.

Hapa sina budi kuwaeleza jambo. Wanawake hatukuwa tukiingia kupitia barazani. Mwaka wa tisini na nane Asya alimlalamikia mumewe kwamba ukiingia mle wanaume wote wanaona jina lako, nani kaingia, saa ngapi, kakaa muda gani, kisha wanaulizana msikitini. Na ni kweli, nyumba gani ya heshima mwanamke hupita katikati ya wanaume waliokaa barazani? Huzunguka nyuma. Ghassan ni mstaarabu, alilifahamu hilo mara moja. Siku ya Ijumaa, alipotoka kusali, alitufungulia mlango wa uani. Tulikuwa sita, sote tukiingia kwa jina la Asya, na majina yetu hayakuonekana kwenye orodha. Huko tulikuwa na matangazo yetu wenyewe, ya mapishi, ya maulidi, na nani anauza vitambaa.

Siku ile uani kulipokea simu kama kawaida, lakini matangazo yetu nayo yalikuwa yamefungwa.

"Andika amri," akasema Afra.

"Uani hakuna amri. Amri ziko ukumbini kwa wanaume."

"Kwani ushajaribu?"

Sikuwahi kujaribu. Nikaandika ANZA. Mashine ikafikiri kidogo, kisha Baraza likafunguka, matangazo yakaanza kushuka mbele ya macho yetu, na Asya akasema "Alhamdulillahi" mara tatu bila ya kupumua.

Mimi lakini nilishaingiwa na wasiwasi wa kihisabati. Nikaandika amri nyingine, si katika zile tano, moja niliyomwona Ghassan mwenyewe akiitumia, ya kuonyesha kila kilichomo. Ikanionyesha. Nikaingia ukumbini kwa nyuma, nikaingia chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hapana aliyenitaka nipige hodi. Mtu aliyetia kufuli sukari alikuwa ameacha nyumba nzima wazi upande wa nyuma, miaka miwili, na nondo na walinzi wote kawaweka mbele.

Nilicheka mpaka mwalimu wa zamu akaja kuchungulia. Halafu nikafahamu, nikaacha kucheka. Ghassan hakusahau. Alijenga mlango ule kwa haraka kwa jina la mkewe, na mkewe katika nyumba ni mwenye nyumba, basi jina lake likapewa kila kitu. Halafu hakurudi tena kuutazama, maana yeye akipita nyuma ya nyumba yoyote hapa Wete hukohoa kwa mbali na kugeuza uso. Na hapa pia aligeuza uso. Aliona haya kuchungulia uani kwake mwenyewe.

Katika chumba cha mwisho palikuwa na waraka mmoja unaoitwa SABABU.

"Fungua," akasema Afra. Macho yalikuwa yamemtoka.

Sitaki kudanganya, nilitamani. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Mtu aliyeninyima majibu miaka mitatu ameandika waraka, akauita SABABU, nao upo mbele yangu.

"Hicho chumba chake," akasema Asya.

"Nawe ni nke wake!" akasema Afra.

"Ndiyo maana nikasema."

Nikatoa kidole. Nilikasirika, lakini nikakitoa.

Hasira zile nikazimalizia ukumbini. Nilitazama jinsi Ghassan alivyoziandika amri zake tano, nikafuata mtindo wake. Nikaongeza ya sita. Ukiandika *Assalaam alaykum*, mashine inajibu: *Waalaykum salaam warahmatullahi, mzee wangu, karibu ndani.* Kisha nikaigusa TOA. Bakar akimtoa Mmanga, au Mmanga akimtoa Bakar, inajibu *Ametolewa, ahsante*, na haimtoi mtu. Na akishamtoa, NANI haimwonyeshi tena mwenzake mpaka akate simu na kuingia upya. Mwisho nikafuta kurasa za daftari za Jumatatu na Jumanne, zote, pamoja na zile amri za kutoana, isibaki hata alama. Adhana ya alasiri ilitukuta tumekwisha.

Jumatano ilikuwa raha tupu. Asya ndiye aliyempigia Mzee Mmanga kumwambia ajaribu tena. Baada ya muda akapiga yeye. "Leo imejibu, Mama Intisar! Tena imeniita mzee wangu. Kumbe ilitaka kukemewa tu." Bakar akamtoa Mmanga mara kumi na tisa, kila mara akapewa ahsante, akaandika daftarini: *Nimeidhibiti hali.* Mzee Mmanga akaandika chini yake: *Hali ni shwari baada ya mimi kuwatoa wakorofi.* Wanachama waliobaki walisoma matangazo yao siku nzima kwa amani, kwa sababu hawa wawili, wakishamtoa adui, walikata simu wakaenda kunywa chai.

Ghassan alirudi kabla ya magharibi. Mimi nilikuwepo, nisingekosa. Akafungua chumba, akasoma daftari akiwa amesimama, bado kavaa viatu. Akasoma tena. Nilimwona akifuta macho kwa ncha ya kofia.

"Wanaume hawa," akasema. "Wallahi niliwadhulumu. Asya, kesho napeleka pasi."

Nilitegemea mdogo wangu apige kigelegele. Badala yake alikuwa ameegemea mlango, uso umemkauka.

"Baba Intisar," akasema, "siendi hija kwa uongo."

Nikamkanyaga mguu. Nikamkanyaga wa pili. Hakunitazama. Akasema yote, kutoana, kususa, umeme, uani, salamu, daftari, akahesabu na yale niliyoyafanya mimi peke yangu akasema tumeyafanya sote. Mtu anayekwenda kwa Mola wake, akasema, hutafuta radhi kwanza, na mume ndiye wa mwanzo. Nilitamani ardhi inimeze, au immeze yeye, yoyote kati yetu.

Ghassan alikaa. "Nyumba yangu," akasema, "haina mlango." Kisha akahesabu kwa vidole: "Miaka miwili."

Akaigeukia mashine. Kila amri inaandikwa, na saa yake, hata za uani, ila za uani hakuwahi kuzisoma. Aliweka vidole kwenye vitufe, akavitoa. Akasema "Hodi," kwa sauti, mbele ya kioo. Akasema tena. Mara ya tatu Asya akamjibu kutoka mlangoni, "Karibu," ndipo akafungua.

Akasoma muda mrefu, mistari ya miaka miwili. Mapishi, maulidi, vitambaa, kisha Jumanne. Tulisimama nyuma yake, mimi nikipanga maneno makali ya kujitetea. Alipofika mwisho alisimamisha kidole.

"SABABU hamkuifungua."

"Hatukuifungua," nikasema. "Na ukitaka kuapishwa, niapishe."

"Sina haja. Hapa yaonekana. Mmefika mlangoni saa nane na dakika kumi, mkarudi." Akageuka akamtazama Asya, si mimi. "Mlikuwa na nyumba nzima."

Halafu akaufungua waraka mwenyewe, akasogeza kiti, mkewe apate kuona. Nami niliona, sikuwa nimefumba macho. Ulikuwa na safu ya maneno yaliyopangwa vizuri, kama anavyopanga kila kitu. *Mashine. Umeme. Goti la kushoto. Watu hawaaminiki. Mashine tena.* Kila moja lina tarehe ya siku alipolitumia. Na chini kabisa, peke yake: *Sababu yenyewe: naogopa ndege. Asya asijue.*

Miaka mitatu! Nilitaka kumpiga kwa kiatu, na kiatu nilishakivua. Miaka mitatu tumeilaumu mashine, tumewalaumu wanasiasa, tumewaapisha watu vibarazani, na kumbe ni bwana mzima wa miaka hamsini na tisa ambaye maisha yake yote amesafiri kwa meli. Nikafungua mdomo. Asya akaninyamazisha kwa mkono bila ya kugeuka.

"Hii ndiyo iliyokuwa ikikuliza usingizini?" akamuuliza.

Ghassan akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Na miye nilidhani hutaki kwenda na miye," akasema Asya. Hapo mimi kiatu changu nikakiweka chini.

Alhamisi saa mbili asubuhi Ghassan alipeleka pasi mbili. Mlango wa uani hakuufunga. Alitupa kila mmoja jina lake na neno lake la siri, akaandika kwenye karatasi kwamba kwa siku zote za safari mashine ina wanawake watatu, Mwatima, Afra, na bibi aliyemfundisha Asya Kurani chuoni, mmoja katika sisi sita wa uani, na kwamba waliobaki wasighasiwe. Wale wanaume wawili aliwaendea mmoja mmoja kuwaomba radhi kama afanyavyo kila msafiri wa hija, akawashukuru kwa ulinzi wao. Hakuwaambia kitu. "Waache na amri zao," alinambia. "Wamezifurahia." Siku arubaini na tatu walitoana kila asubuhi, na Baraza halikulala hata saa moja.

Ya ndegeni alinihadithia Asya waliporudi, anacheka, kisha analia, kisha anacheka tena. Ilikuwa ile ndege ndogo ya kwenda Unguja, ya viti kumi na kidogo, abiria wanaona mpaka kisogo cha rubani. Ghassan alikaa nyuma ya rubani, akamtazama muda mrefu, kisha akamnong'oneza mkewe, "Huyu kadhaminiwa na nani?" Asya akamwambia hajui. "Na sisi huku nyuma tuna amri gani?" Asya akamwambia hatuna hata moja. Mashine ikaanza kunguruma, ndege ikakimbia, na Ghassan Amur, mtu wa haya, ambaye katika miaka ishirini na saba hajawahi kutembea sambamba na mkewe njiani, akaushika mkono wake mbele ya watu wote, wakiwemo watu wa vyama vyote viwili. Aliushika mpaka wakashuka Unguja. Na walipopanda ile kubwa ya Jedda, anasema Asya, hakungoja mpaka ingurume.